Bafa yangu ya kwanza ilisoma 6.8

Mzee aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akasogeza kiti nyuma, akaniambia, "Njoo uangalie mwenyewe, binti."

Nikainama. Seli nyekundu zilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, mithili ya shuka jeupe lililofuliwa pamoja na kanga mpya. Vimelea vilikuwapo, maana tulijua vipo: ile ilikuwa slaidi ya mfano, imetoka kwenye kisanduku cha slaidi za damu yenye malaria alizozitunza bila kuzipaka rangi. Kila bafa mpya (mmumunyo wa kushikilia kiwango cha uasidi kisiyumbe) ya kuchanganyia Giemsa, rangi ya kuonyeshea vimelea, ilijaribiwa hapo kwanza, kabla haijafika kwenye slaidi ya mgonjwa. Lakini ilinibidi nivitafute. Kile kidoa chekundu cha kiini kilionekana kwa taabu, na ile sehemu ya buluu inayokizunguka ilikuwa imefifia kiasi kwamba mtu mwenye haraka angepita bila kuiona.

"Bafa umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulipima pH?"

Sikuwa nimepima hicho kipimo cha uasidi, ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake ni besi. Nilifuata karatasi iliyobandikwa ukutani: KH₂PO₄ gramu 0.7, Na₂HPO₄ gramu 1.0, maji yaliyokenekwa hadi lita moja, pH 7.2. Kwenye mizani nilipima kila kitu mara mbili. Sasa nani ahangaike kupima pH ambayo karatasi imeshaitaja?

Akachukua mita, akaisuuza ncha yake, akaichovya kwenye chupa yangu. 6.8.

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya maabara, niko fildi katika hospitali moja ya wilaya, na kichwani nilijiona fundi wa pH. Nilikuwa nimeshaililia pH, nimeilipia sapu, nimeifaulu. Kilichoniumiza siku ile ni kwamba kosa lilikuwa lilelile lililonifelisha chuoni, na kabla ya hapo lilelile la kidato cha sita. Lilikuwa limebadilisha nguo tu.

Nianze na kidato cha sita. Sisi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) tulikuwa watu wa kukariri. pH ni hasi logi ya ukolezi wa ioni za hidrojeni: niliiimba kama jedwali la kuzidisha. Nipe HCl, asidi kali, ya 0.01 molari (yaani moli 0.01 kwa lita, moli ikiwa kipimo cha kuhesabia chembe), nakupa 2 kabla hujamaliza kusema. Nipe NaOH, besi kali, ya 0.05, natafuta pOH, pacha wa pH upande wa besi, 1.3, natoa kwenye 14, napata 12.7. Siku moja mwalimu akauliza pH ya HCl yenye ukolezi wa 10⁻⁸ molari. Nikaandika 8, nikapiga mstari chini. Daftari lilirudi na duara jekundu na maneno matatu pembeni: "Asidi imegeuka besi?"

Tulicheka darasani, nami nikacheka, yakaisha. Sikumfuata kuuliza. Laiti ningekwenda, angeniambia kwamba maji yenyewe, hata kabla ya kutiwa chochote, yana ioni za hidrojeni 10⁻⁷ molari. Ukitia asidi ya 10⁻⁸ umeongeza punje juu ya rundo lililokuwapo. Jibu ni karibu 6.98, chini ya 7 kwa unywele, lakini chini. Mimi nilihesabu nilichotia, nikasahau kilichokuwamo.

Chuoni swali lilikuja hivi: mililita 50 za asidi ya siki ya 0.1 molari zimechanganywa na mililita 25 za NaOH ya 0.1 molari, tafuta pH. Nilijua kutafuta pH ya asidi dhaifu, nikapata 2.87. Nilijua kutafuta pH ya NaOH ya 0.1, nikapata 13. Halafu, Mungu anisamehe, nikajumlisha nikagawa kwa mbili. Nikaandika 7.9 kwa kujiamini kabisa, na nikaongeza sentensi kueleza kwamba mmumunyo una "ubesi kidogo".

Nikapata sapu. Wasiojua sapu ni nini, ni mtihani wa marudio unaoulipia, na unaufanya wakati wenzako wako likizo. Nililipa elfu ishirini, lakini hiyo haikuwa gharama kubwa. Nilikosa harusi ya binamu yangu niliyekua naye chumba kimoja, na nilibaki hosteli yenye vitanda vitupu nikila chipsi kavu jioni. Mama alinipigia simu akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Hiyo pH inayokusumbua, mmepata dawa yake?"

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa amebaki kwa ajili ya utafiti wake. Jioni ya kwanza nilimpelekea daftari langu la kanuni, kurasa nne, kila kanuni ndani ya kisanduku chake. Hakulifungua. Alikuwa amechemsha juisi ya rozela, akamimina kidogo kwenye vikombe vitatu. Kimoja akakiacha. Cha pili akakikamulia ndimu, wekundu ukang'aa. Cha tatu akakitia magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, na ule wekundu ukageuka ukawa kama buluu chafu yenye ukijani.

"Hivi vikombe havijui logi," akasema. "Vinajua idadi tu. Usiguse kikokotoo mpaka uniambie ndani ya bika kuna nani, na wako wangapi."

Lile la "kuna nani" lilinichekesha, lakini ndilo lililonibadilisha. Akanipa swali: changanya lita moja ya HCl yenye pH 2 na lita moja yenye pH 4. Mdomo wangu ukasema 3 peke yake. Akanitazama. Haya, nikahesabu. pH 2 ni ioni 0.01 kwa lita. pH 4 ni 0.0001, yaani moja ya mia ya ile ya kwanza. Jumla 0.0101, zimegawanyika ndani ya lita mbili, ni 0.00505. Sasa ndiyo logi: 2.3. Ile lita ya pH 4 haikuwa mshindani, ilikuwa maji tu ya kuzimulia. pH haijumlishwi wala haigawanywi, kwa sababu yenyewe si kitu kilichomo, ni lebo ya idadi. Søren Sørensen, Mdenmaki aliyeianzisha mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg pale Copenhagen (ndiyo, ya watengeneza bia), alitaka watu waache kuandika sufuri nyingi na vipeo hasi. Aliturahisishia uandishi, sisi tukadhani ametupa kitu cha kuzidishia na kugawanyia.

Turudi kwenye swali lililonifelisha. Mililita 50 za 0.1 molari ni milimoli 5 za asidi ya siki. Mililita 25 za NaOH ni milimoli 2.5. Hawa wawili hawakai kimya ndani ya bika, wanalana: kila ioni ya hidroksidi inanyang'anya asidi moja hidrojeni yake. Vita ikiisha hakuna hidroksidi iliyobaki. Kuna asidi milimoli 2.5 ambayo haijaguswa, na asetati, yaani asidi iliyokwisha kunyang'anywa hidrojeni, milimoli 2.5 iliyozaliwa. Zimelingana. Kwenye kanuni ya bafa nitakayoitaja mbele uwiano wao ni moja, logi ya moja ni sufuri, kwa hiyo pH ni pKa yenyewe (hasi logi ya Ka, namba inayoonyesha asidi inavyoachia hidrojeni), 4.74. Hesabu ya mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimejaza ukurasa.

Ukipewa swali la kuchanganya asidi na besi, basi, fanya kazi mbili kwa mpangilio huu na usiruke: kwanza waache wamalizane kwa moli, halafu tazama mabaki. Yakibaki asidi kali au besi kali, hesabu ni ya kawaida. Ikibaki asidi dhaifu pamoja na mwenzake, una bafa. Ujazo wote mpya utauhitaji kwenye hali ile ya kwanza. Kwenye bafa, juu na chini vinagawanywa kwa ujazo uleule, vinafutana.

Jambo jingine nililokuwa nimelibeba vibaya ni ukali. Nilidhani asidi dhaifu ni asidi iliyotiwa maji mengi. Dada yule alinifanya nihesabu HCl ya 0.1 na asidi ya siki ya 0.1 sambamba. Ya kwanza pH 1, kwa sababu kila molekuli imeachia hidrojeni yake. Ya pili Ka yake ni 1.8 × 10⁻⁵, izidishe kwa 0.1, kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶ ni 1.34 × 10⁻³, pH 2.87. Maana yake katika kila molekuli elfu, kumi na tatu hivi ndizo zimeachia, wengine wote wameshika mkononi. Lakini ukileta NaOH, asidi zote mbili zinakula kiasi kilekile, kwa sababu wale walioshika wataachia wakibanwa. Udhaifu ni ubahili, si uchache. Nililiandika hilo kwenye ukuta wa kitanda changu kwa penseli, na nadhani lipo mpaka leo.

Hapa niseme la kikokotoo, maana limeua wengi kimyakimya. Ukitaka 1.8 × 10⁻⁵ unabonyeza 1.8, EXP, hasi 5. Basi. Ukibonyeza 1.8 × 10 halafu EXP, umeingiza kumi mara mbili, na Ka yako imekuwa kubwa mara kumi. Kwenye asidi dhaifu jibu linashuka kwa nusu kamili: 2.37 badala ya 2.87. Ukiona tofauti ya 0.5 isiyoelezeka kati yako na jirani, msianze kubishana kuhusu kemia.

Bafa ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote kwa sababu ya ile kanuni yenye majina mawili, Henderson na Hasselbalch. pH = pKa + log ([besi]/[asidi]). Niliikariri bila kujua nani anakaa juu. Siku hizi sihangaiki, nauliza: nikiongeza besi, pH ipande au ishuke? Ipande. Basi besi juu.

Na bafa inafanya nini hasa? Chukua lita moja yenye moli 0.1 za asidi ya siki na moli 0.1 za asetati. pH 4.74. Mwagia moli 0.01 za HCl. Asetati inazimeza zote: yenyewe inashuka hadi 0.09, asidi inapanda hadi 0.11, na pH inakuwa 4.66. HCl hiyohiyo ukiimwaga kwenye lita ya maji matupu, unatoka 7 unaangukia 2. Lakini bafa si mganga. Mwagia moli 0.1 badala ya 0.01, asetati yote imekwisha, umebaki na asidi ya siki ya 0.2 molari, pH 2.72, na jina la bafa limebaki kwenye lebo. Damu yetu inatumia ujanja huohuo, ingawa imejipanga kwa upande mmoja: bikaboneti ishirini kwa kila moja ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, pKa 6.1, ongeza logi ya 20 ambayo ni 1.3, unapata 7.4.

Sapu nilifaulu. B. Nikaenda fildi nimejaa.

Ndiyo maana ile 6.8 iliniuma. Tofauti ya 0.4 inasikika ndogo ukiitamka. Kwa idadi ni ioni za hidrojeni mara mbili na nusu ya zinazotakiwa. Rangi ya Giemsa ina pande mbili, eosini yenye wekundu na zile za jamii ya buluu ya methileni, na pH ndiyo inayoamua nani atawale. Ikishuka, wekundu unashinda na kimelea kinapotea ndani yake. Ikipanda sana, slaidi nzima inakuwa ya buluu. Na usidhani maji yaliyokenekwa peke yake yangetosha kwa kuwa "ni 7". Kesho yake niliyapima, mita ikaonyesha 5.8 na kuyumbayumba, nikadhani nimeiharibu. Haikuwa mbovu. Maji matupu yanavuta kaboni dioksidi hewani na hayana kitu cha kujitetea. Ndiyo sababu ya kutia fosfati.

Nilimwambia Mzee pengine mita ndiyo yenye shida. Hakukasirika. Akaichovya kwenye mmumunyo wa kusanifishia wa pH 7, ikasoma 7.0, wa pH 4, ikasoma 4.0. Kati ya mmoja na mwingine alisuuza ncha na kuigusisha karatasi laini, bila kuifuta. Alipomaliza akairudisha kwenye kifuniko chake chenye kloridi ya potasiamu. Ncha ikikauka inazeeka, na ukiiacha kwenye maji yaliyokenekwa inazeeka pia. Hii niliijua siku ile tu, hakuna mtihani ulioniuliza.

"Mita nzima," akasema. "Nionyeshe chupa uliyopimia."

Nikaleta. Na₂HPO₄, lebo inasema hivyohivyo. Akaweka kidole mwisho wa jina, pale ambapo macho yangu yalikuwa yakiishia kila mara. Baada ya 4 kulikuwa na nukta ndogo, halafu 12H₂O.

Chupa ya zamani, iliyokwisha wiki iliyopita, ilikuwa ya unga mkavu kama sembe. Hii mpya ilikuwa na fuwele zinazong'aa, mfano wa chumvi ya mawe, nami nikaona ni nzuri zaidi. Nikavuta karatasi, na kwa mara ya kwanza toka nifike pale sikuanza na kanuni. Ndani kuna nani, na wako wangapi? Moli moja ya ile kavu ni gramu 142. Ya hii yenye maji kumi na mawili ni gramu 358. Katika gramu moja niliyopima kwa umakini mkubwa, mara mbili, gramu 0.6 ilikuwa maji.

Kwa hiyo nilitia milimoli 2.79 za besi, yaani Na₂HPO₄. Za asidi, yaani KH₂PO₄, gramu 0.7 gawa kwa 136.1, ni 5.14. Uwiano 0.54, logi yake hasi 0.27, na pKa ya pili ya asidi ya fosforiki ni 7.2. Jibu 6.93.

"Mita inasema 6.8," nikamwambia, nikiwa bado natafuta pa kushikilia.

"Hesabu inakupeleka mtaa," akasema. "Nyumba anakuonyesha mita." Kisha akanieleza kwamba ile 7.2 ya vitabuni ni ya mmumunyo mwepesi mno. Ukishakuwa na ioni nyingi majini zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na pKa unayokutana nayo benchi inashuka kuelekea 7.0. Nikajaribu kwa kipimo sahihi cha ukutani: milimoli 7.04 kwa 5.14, uwiano 1.37, hesabu inatoa 7.34, wakati karatasi inasema 7.2. Kumbe aliyeandika ile karatasi alikuwa amepima, hakukokotoa tu.

Nikarudia. Gramu 2.52 za fuwele, ambazo ndizo gramu moja ya ile kavu ukiondoa maji yake. Nikayeyusha KH₂PO₄ kwanza, nikatia fuwele, nikakoroga mpaka maji yakawa angavu, nikajaza hadi alama ya lita. Mita: 7.1. Mzee akanipa kichupa cha Na₂HPO₄ ya asilimia 2, nikadondosha huku nakoroga, nikisubiri namba itulie kila mara, mpaka 7.2. Tukapaka slaidi nyingine kutoka kisanduku kilekile, Giemsa ya asilimia 10, dakika kumi kwa saa ya ukutani. Safari hii sikuitwa. Nilikaa mwenyewe kwenye hadubini, na kimelea cha kwanza nilikiona kabla sijamaliza kurekebisha lenzi, pete ya buluu na kidoa chake chekundu.

Chini ya karatasi ya ukutani nikaandika kwa kalamu: "Kavu 1.0 g. Yenye 12H₂O 2.52 g. SOMA LEBO MPAKA MWISHO." Yenye maji mawili pia ipo madukani, gramu 178 kwa moli, kwa hiyo nikaongeza na hiyo: 1.25 g.

Ilibaki ile lita ya kwanza. Nilikuwa nimeshaifungua, naiinamisha kwenye sinki, nafurahi kuondoa ushahidi, Mzee akasema bila kugeuka, "Unamwaga nini?"

"Ile mbovu, Mzee."

"Mbovu kwa malaria. Leishman tunapakia kwa bafa ya ngapi?"

Nilisimama na chupa mkononi. Leishman ni rangi ya slaidi za kuangalia seli za damu zenyewe, na bafa inayotakiwa ni 6.8.

Nikaifunga, nikaandika lebo mpya yenye tarehe, pH iliyopimwa na herufi za jina langu, nikaiweka rafu ya Leishman. Tuliitumia mpaka ikaisha.